DUSHI JUU YA BENYUARI YA ZAMANI: namna ya kuiweka, na juu ya nini iwekwe vizuri



Katika nyumba nyingi za zamani za Bukavu, zile zilizojengwa wakati mji huu ulikuwa ungali unaitwa Costermansville (jina hilo liliachwa katika miaka ya 1950), kuna kitu kimoja kizito kisichohama hata wenye nyumba wakihama. Ni benyuari, yaani bafu refu la kulala. Ukiingia katika nyumba za Muhumba, za Nguba au za upande wa La Botte, utaikuta ingali pale pale. Nyingi ni za chuma kinene kilichopakwa emaye nyeupe, na wanaume wanne wakitaka kuitoa watatoka jasho kabla ya kufika mlangoni.

Wenye nyumba wa wakati ule waliijaza maji ya moto wakalala ndani. Siku hizi ni wachache wanaofanya vile. Maji ya Regideso yanatoka Murhundu, katika milima ya upande wa Kabare, na mji unaoyangoja umekua kupita hesabu ya wale waliozika tiyo za kwanza. Kwa hiyo benyuari imebadilishwa kazi. Kwa wengine ni tangi la akiba, kwa wengine ni mahali pa kulowekea nguo, na watu wanaoga kando yake wakisimama na ndoo.

Wengi wametuuliza: je, tunaweza kuweka dushi juu ya benyuari ile ile, bila kuitoa? Jibu ni ndiyo, na kazi yenyewe si ngumu sana. Lakini ndani yake kuna hatari mbili tatu ambazo hazionekani kwa macho, na moja inaweza kumfikia hata jirani ambaye hajawahi kukanyaga nyumbani kwako. Ndiyo sababu tumechukua kurasa hizi kueleza jambo lote, tangu mwanzo hata mwisho.

1. KWANZA TUHESABU MAJI

Benyuari ikijazwa vizuri inakamata litri 150 hivi. Jamaa ya watu watano, kila mmoja akijaza maji yake, watatumia litri 750 kwa siku moja. Hayo ni mabido 37 na nusu ya litri 20. Nani atayabeba?

Dushi ya kawaida inamwaga litri 8 hivi kwa dakika. Mtu akisimama chini yake dakika 5, ni litri 40. Watu watano, litri 200. Na kama kila mmoja anafunga robine wakati anajipaka sabuni, dakika 3 za maji zinatosha: litri 24 kwa mtu, 120 kwa wote.

Lakini tusijidanganye. Ndoo ingali inashinda. Mtu anayejua kuoga kwa ndoo anamaliza kazi kwa litri 15. Tena dushi yenye matundu makubwa inaweza kumwaga litri 12 kwa dakika, na mwenye kuimba nyimbo tatu chini yake dakika 10 atakuwa amemaliza litri 120. Huyu angejaza benyuari tu, maana tofauti ni ndogo. Basi dushi haipunguzi maji yenyewe. Anayeyapunguza ni yule anayesimama chini yake.

Faida yake nyingine ni usafi. Maji ya dushi yanapita juu ya mwili mara moja na kwenda zake. Hakuna anayeingia katika maji ya mwenzake, hakuna kopo moja linalotumbukizwa na mikono ya watu kumi. Katika interna au katika nyumba yenye jamaa tatu, hilo si jambo dogo.

2. NGUVU YA MAJI INATOKA WAPI?

Watu wanasema: “Kwetu maji iko, lakini haina nguvu.” Hapa somo la fizika linatusaidia. Nguvu ya maji katika tiyo inatokana na kimo cha maji yaliyo juu yake. Kila metri 10 za kimo zinatoa baa 1 hivi. Kama tangi la mtaa liko metri 30 juu ya nyumba yako, unaweza kutumaini baa 3 wakati maji yametulia. Nyumba iliyo metri 5 tu chini ya tangi itapata nusu baa, hata kama mwenye nyumba ni mtu mkubwa.

Bukavu ni mji wa miteremko. Ziwa Kivu liko karibu metri 1,460 juu ya bahari, na mitaa inapanda kutoka kandokando ya maji hata juu ya vilima. Kwa hiyo wale wa chini wanapata nguvu, wale wa juu wanangoja usiku. Wakati mitaa ya chini imelala na robine zimefungwa, ndipo utasikia huko juu: “Mama, maji inakuya!”

Sababu ya pili ni tiyo zenyewe. Tiyo za zamani ni za chuma kilichopakwa zinki. Zinki ikiisha, kutu inaota ndani kama ukoko ndani ya sufuria. Tiyo ya nusu inchi ina nafasi ya milimetri 16 hivi. Kutu ikibakiza milimetri 8, wengi wanafikiri imebaki nusu ya njia. Hapana. Eneo la duara linafuata mraba wa kipenyo: 8 mara 8 ni 64, 16 mara 16 ni 256. Imebaki robo tu, tena robo yenye kukwaruza.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kitu chochote, pima. Chukua ndoo ya litri 10, uiweke chini ya robine ya benyuari, fungua mpaka mwisho, angalia saa. Ikijaa kwa dakika moja, una litri 10 kwa dakika, dushi itafanya kazi. Ikijaa kwa dakika tatu, dushi yako itakuwa ya kudondoka. Hapo afadhali ufikirie tangi dogo juu ya dari au juu ya ukuta imara. Ila kumbuka hesabu: tangi lililo metri 2 juu ya kichwa cha dushi linatoa baa 0.2 tu. Litakutosha kama utachagua tiyo pana ya robo tatu ya inchi na kichwa chenye matundu makubwa. Kumbuka pia uzito: litri 200 za maji ni kilo 200. Dari ya mbao iliyoliwa na mchwa haitakuambia siku itakapochoka.

Kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano tunapata mvua, na mvua ya milimetri 1 juu ya metri 1 ya mraba ni litri 1. Bati la metri za mraba 60, likipata mvua ya milimetri 20, linapokea litri 1,200. Hata kama sehemu inapotea, maji ya kuoga yamepatikana bila kumngoja mtu. Ila tiyo ya tangi la mvua isiunganishwe na tiyo ya Regideso. Sababu yake tutaiona katika sehemu ya tano.

3. VYOMBO

Hivi ndivyo vinavyohitajika: robine ya kuchanganya maji baridi na moto (au robine moja tu, kama hakuna maji moto), tiyo ya kupanda ukutani, kichwa cha dushi, viungo vya te na vya kude, filasi au utepe wa tefloni, vane ya kufungia, klape ya kuzuia maji kurudi, vikamato vya ukutani, karo, simenti na pazia la plastiki.

Maneno matatu juu ya tiyo. Ya kwanza: tiyo za PVC za kugundisha ni nzuri kwa maji baridi, lakini maji moto yanazilegeza. Kwa maji moto tumia chuma au zile tiyo za PPR zinazoyeyushwa kwa mashini ya moto na kushikana. Ya pili: usifunge shaba kabla ya chuma chenye zinki, kwa kufuata njia ya maji. Maji yakipita katika shaba yanabeba chembe zake na kuziacha juu ya zinki, na pale panatoboka upesi. Walimu wa kemia watalieleza vizuri zaidi. Ya tatu: tiyo mpya yenye bei ya chini sana, mara nyingi ukuta wake ni mwembamba. Ishike mkononi, linganisha uzito kabla ya kutoa franka zako.

4. KAZI YENYEWE

(a) Funga vane kubwa iliyo karibu na kontere. Fungua robine ya chini kabisa ndani ya nyumba, maji yote yatoke. Usikate tiyo yoyote kabla ya kuona robine hiyo imekauka.

(b) Angalia benyuari kama imesimama sawa. Mwaga kikombe cha maji ndani: yote yanapaswa kwenda kwenye tundu. Kama yanabaki upande mmoja, tia kipande chini ya mguu mpaka yatoke. Angalia pia sifoni, lile kombo la tiyo chini ya tundu. Maji yanayobaki ndani ya kombo ndiyo yanayozuia harufu na wadudu wa tiyo chafu wasipande. Inatakiwa yasimame kama santimetri 5. Tiyo ya kutoa maji machafu iteremke santimetri 1 hata 2 kwa kila metri. Kama tundu linameza polepole, lisafishe sasa, maana mtu mwenye kuoga dushi hataki kusimama ndani ya dimbwi.

(c) Tia alama ukutani. Robine ya kuchanganya ikae kimo cha metri 1 hivi kutoka chini ya benyuari, mahali ambapo mtu anaifikia kabla ya kuingia ndani. Kichwa cha dushi kikae metri 2 hivi. Kipimo kianzie ndani ya benyuari, si sakafuni, maana pale ndipo miguu itakaposimama.

(d) Kata tiyo inayoenda kwenye robine ya zamani, tia te, na pandisha tiyo mpya. Filasi izungushwe kwa kufuata upande wa kukaza, isiwe kinyume, la sivyo itajikunja na kutoka. Kaza kwa nguvu ya mkono na funguo moja. Kukaza kupita kiasi kunapasua kiungo, na ufa mwingine hauonekani mpaka siku ya tatu.

(e) Kabla ya kichwa cha dushi kufungwa, fungua maji kidogo na uache yatoke na mchanga wote na kutu. Bila kufanya hivi, matundu yataziba siku ile ile.

(f) Sasa jaribu. Funga robine zote, fungua vane kubwa, angalia kila kiungo kwa karatasi kavu. Halafu soma namba za kontere jioni wakati wote wamekwenda kulala, soma tena asubuhi kabla ya mtu kugusa robine. Namba zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja. Usifunike tiyo kwa simenti kabla ya jaribio hili. Tone moja kwa kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Hata kama inatakiwa matone 20 kufanya mililitri moja, ni zaidi ya litri 4 kila siku ndani ya ukuta wako. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

(g) Mwisho ni ukuta. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Benyuari ilijengwa kwa mtu anayelala, kwa hiyo karo za zamani zinaishia santimetri chache juu ya ukingo. Dushi inarusha maji mpaka juu. Ukuta wa matofali ukinywa maji kila siku, rangi inatoka, chokaa inaanguka, na upande wa pili, katika chumba cha kulala, panaota uyoga. Panda na karo mpaka metri 2 hivi, pande zote zinazopata maji. Kama huna franka za karo, piga lipu ya simenti yenye kuzuia maji, laini, na rangi ya mafuta juu yake.

Kuna siri moja ya mafundi juu ya ule mstari kati ya benyuari na ukuta. Kabla ya kuuziba kwa silikoni, jaza benyuari maji. Uzito unaishusha kidogo na mstari unafunguka. Ziba wakati imejaa, na uyaache maji ndani mpaka silikoni ikauke. Ukiziba ikiwa tupu, siku ya kwanza mtu mnene akisimama ndani, mstari utachanika. Na pazia lianguke NDANI ya ukingo, si nje.

5. HATARI ISIYOONEKANA: MAJI YANAYORUDI NYUMA

Sasa tumefika mahali ambapo tunaomba kila mtu asome polepole.

Dushi nyingi zinazouzwa siku hizi ni dushi za mkono, zenye tiyo laini ya kupindika. Mtu akimaliza kuoga anaiacha ianguke ndani ya benyuari. Na benyuari, tumesema, mara nyingi imejaa: maji ya akiba, au nguo za mtoto zilizolowekwa na sabuni. Kichwa cha dushi kinalala ndani ya maji yale.

Tena tunajua desturi ya mji wetu. Maji yakikatika, watu wanaacha robine wazi kusudi wasikie yakirudi usiku. Basi tuone kinachotokea. Regideso inafunga maji mtaani. Tiyo za barabara zingali zimejaa, lakini hakuna tena kinachosukuma kutoka juu. Huko chini kwenye mteremko, mama mmoja anafungua robine yake. Maji yaliyo ndani ya tiyo yanamshukia kwa uzito wake yenyewe. Yakishuka, nyuma yake panabaki upungufu, na upungufu huo unataka kujazwa. Unavuta popote penye njia wazi. Njia iliyo wazi ni dushi yako, iliyolala ndani ya maji ya nguo. Basi maji yale yanapanda katika tiyo laini, yanapita katika robine, yanaingia katika tiyo ya barabara, na yanashuka mpaka kwenye sufuria ya yule mama. Naye anauliza: “Juu ya nini maji ya ku robine inanuka sabuni?” Afadhali yakinuka, maana atayamwaga. Mara nyingi hayanuki kitu.

Je, maji yanaweza kweli kupanda hivyo? Yanaweza. Torricelli, mwaka 1643, alionyesha kwamba hewa inasukuma, na kwamba kando ya bahari inaweza kusimamisha zebaki milimetri 760. Hapa kwetu, kwa sababu tuko juu, hewa ni nyepesi zaidi: zebaki inasimama karibu milimetri 635. Ukigeuza kuwa maji, ni metri 8 na nusu hivi. Hicho ndicho kimo ambacho maji yanaweza kupandishwa kwa kuvutwa hapa Bukavu. Kutoka ndani ya benyuari mpaka kwenye robine ni metri moja. Kwa hewa ni mchezo.

Jambo hili limekwisha kuua watu. Mwaka 1933, mji wa Chicago, huko Marekani, ulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia, na wageni walilala katika hoteli nzuri zenye benyuari na dushi kila chumba. Watu zaidi ya elfu moja waliambukizwa ugonjwa wa amibe, ule ule tunaoujua sana huku, na 98 walikufa. Wengi walikuwa wamekwisha kurudi katika miji yao, hata waganga wa kule hawakuufikiria upesi. Uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa ndani ya hoteli mbili: tiyo zilizochakaa na miungano mibaya, ambayo iliruhusu maji machafu kuingia katika maji ya kunywa. Tangu wakati huo mafundi wa nchi nyingi walitia bidii katika sheria moja: maji safi na maji machafu yasikutane, hata kwa dakika moja.

Kama hayo yalifika katika hoteli za mji mkubwa, si zaidi kwetu, ambako kolera na tifoidi vinajua njia ya kurudi, na maji yanakatika mara kwa mara? Tena kwenye mteremko, aliye juu ndiye anayeweza kumchafulia aliye chini, bila kujua na bila kusikia habari yake.

Dawa yake ni rahisi, na nyingine ni bure:

– Kwanza, hewa. Kichwa cha dushi kifungwe ukutani, juu kabisa ya ukingo wa benyuari. Pakiwa na nafasi ya hewa kati ya mdomo wa dushi na maji, hakuna kinachoweza kuvutwa ila hewa tupu. Hii ndiyo dawa isiyochakaa wala kuharibika.

– Pili, kama umenunua dushi ya mkono, fupisha tiyo yake au uifunge kwa pete ukutani, ili hata ikianguka isifike kwenye ukingo. Robine ya zamani ya benyuari nayo itazame: mdomo wake uwe juu ya ukingo, usiwe chini.

– Tatu, tia klape ya kuzuia kurudi kwenye tiyo inayoenda kwenye dushi. Lakini usitegemee klape peke yake. Mchanga kidogo unaishikilia wazi.

– Nne, maji yakikatika, FUNGA ROBINE. Ukitaka kujua yakirudi, acha wazi robine moja tu yenye mdomo mbali na maji, kama ile ya jikoni, na ndoo tupu chini yake.

– Tano, tangi la mvua lisifungwe pamoja na tiyo ya Regideso, hata kwa vane katikati. Vane inaweza kusahauliwa. Kama unataka tangi lipokee maji ya Regideso pia, tiyo iingilie juu, na mdomo wake uwe juu ya usawa wa maji.

6. MAJI MOTO NA UMEME

Kuna asubuhi za baridi hapa kwetu, na mtu anatamani maji moto. Tuseme mambo manne.

La kwanza: boila. Maji yakipashwa moto yanapanuka. Boila la litri 100, kutoka nyuzi 18 mpaka 60, linatoa maji ya ziada karibu litri moja na nusu. Yatakwenda wapi? Ndiyo kazi ya vane ya usalama iliyo chini yake. Kama unaona inadondosha wakati wa kupasha moto, inafanya kazi yake. Mtu akiiziba kwa sababu “inavuja”, amegeuza boila kuwa bomu.

La pili: nyuzi 60 zinaunguza ngozi kwa sekunde chache. Fungua baridi kwanza, halafu moto, na upime kwa mkono kabla ya kumwingiza mtoto. Tena maji ya baridi yakikatika ghafula wakati mtu yuko chini ya dushi, atapata moto peke yake: aruke nje kwanza, ndipo afunge.

La tatu: umeme. Volti 220 na mwili uliolowa havifai kuonana. Benyuari ya chuma inashika umeme vizuri sana, na mtu anasimama ndani yake bila viatu. Priza na kibonyezo cha taa viwe mbali na ukingo, kwa uchache santimetri 60, na afadhali nje ya chumba kabisa. Waya wa ardhi wa boila usikatwe, na benyuari yenyewe iungwe na ardhi. Kama nyumba haina waya wa ardhi wala disjonteri ya kukata upesi, oga na maji baridi, au pasha maji jikoni uyachanganye kwenye ndoo. Na zile waya za kuchovya ndani ya maji ya benyuari zisitumike kamwe.

La nne: babula. Wakati mwingine watu wanaingiza babula ya makala katika chumba cha kuogea ili kupata joto, wanafunga mlango na dirisha. Makala yanatoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anasikia usingizi tu, kisha haamki. Babula ibaki nje.

7. NI NANI AFANYE KAZI HII?

Mwanafunzi anaweza kupima ndoo, kusoma kontere, kusafisha sifoni, kubadilisha jointi ya robine na kufunga pete ya dushi. Kukata tiyo na kupandisha mpya, afanye pamoja na fundi wa maji, na amtazame kila hatua. Umeme ni wa fundi wa umeme. Hakuna fundi mzuri anayekasirika akiulizwa: “Fundi, maji yakikatika, dushi hii itavuta nini?” Akikosa jibu, msomee sehemu ya tano ya makala hii.

TUJIFUNZE KWA KUTENDA

Siku ya posho mchana, kila mmoja wetu aende katika chumba cha kuogea, cha interna au cha nyumbani, aandike majibu matatu: (1) Ndoo ya litri 10 inajaa kwa sekunde ngapi? (2) Kutoka jioni mpaka asubuhi, kontere imesogea kiasi gani? (3) Je, kuna mdomo wa robine, wa dushi au wa tiyo ya kumwagilia ambao unaweza kulala ndani ya maji machafu?

Majibu mawili ya kwanza yaletwe kwa kamati ya buletini, tutayapanga katika jedwali la hesabu. La tatu lisingoje. Ukiukuta mdomo huo, uondoe majini na uufunge juu siku ile ile, maana huko chini ya mteremko kuna mtu anayejaza kikombe chake.

Kamati ya Buletini